Atomu ya Mzee Kasongo

Mwaka ule wa tisini na saba shule jirani ilimwonyesha mgeni rasmi figo ya mbuzi, na kwa sababu hiyo shule yetu ikaamua kuonyesha atomu. Usitafute sababu nyingine, hakuna. Mwalimu Mkuu wetu, Feliksi, alirudi kutoka kwenye hayo maonyesho ya figo amevimba kwa wivu.

"Figo hata buchani ipo," alituambia ofisini. "Sisi tutaonyesha kitu ambacho hakuna mtu Kigoma nzima amewahi kukiona."

Hapo kwa kweli hakukosea.

Shule yenyewe, Shule ya Msingi Mwambao, ilikuwa njia ya Bangwe, mahali ambapo unalisikia ziwa lakini hulioni kwa sababu ya ukuta wa ghala. Mimi nilikuwa nafundisha Kiswahili na kuimbisha kwaya. Naitwa Melania, mzaliwa wa Ujiji, na wanaonijua wananijua kwa mdomo wangu.

Maonyesho hayo yalikuwa na zawadi. Shirika moja la ufadhili lilitangaza kwamba mgeni wake, Bwana Selestini, atapita shule kwa shule, na kila shule atamchagua mtoto mmoja wa darasa la saba atakayeeleza sayansi vizuri kuliko wenzake, asomeshwe sekondari ya bweni bure mpaka kidato cha nne. Kwa watoto wengi hilo lilikuwa jambo la kufurahisha tu. Kwa Kaneza ulikuwa mlango pekee uliobaki wazi. Kaneza alikuwa mtoto wa kikimbizi, alivuka kutoka Burundi na kuingia Kagunga mwaka wa tisini na tatu ameshikwa mkono na shangazi yake Révérienne, na hakuna aliyewahi kuwauliza wawili hao baba na mama wa mtoto wako wapi, kwa sababu jibu lilikuwa usoni mwao. Shangazi alilima vibarua kwenye mashamba ya mihogo ya watu. Mtoto alikaa darasani kwetu, akajifunza Kiswahili mpaka akawa ananisahihisha mimi.

Mwalimu wa sayansi, Gervasi, alikuwa mtu mwema na mwoga, na wema wa mwoga unaujua: unakufikia hadi mlangoni, hauingii ndani. Lakini sayansi aliijua. Alichagua kaboni, atomu yenye protoni sita na nyutroni sita katikati kwenye kiini, na elektroni sita zinazozunguka nje. Watoto kumi na wanane. Kaneza akapewa kazi ya kuwa mwelezaji, asimame pembeni na fimbo, amweleze mgeni kila kitu. Alieleza kwa lugha nyepesi kiasi kwamba hata mimi, niliyefaulu sayansi kwa huruma ya msahihishaji, nilielewa. Protoni ina chaji chanya, elektroni ina chaji hasi, nyutroni haina chaji. Zenye chaji za aina moja husukumana, zenye chaji tofauti huvutana. Chanya ya protoni moja na hasi ya elektroni moja ni sawasawa kabisa, hakuna iliyo kubwa, ndiyo maana zikiwa idadi moja atomu inatulia.

"Uzito ndio unaotofautiana," alisema Kaneza. "Chaji ni sawa."

Kwa bahati mbaya, kwa desturi yetu, hakuna shughuli inayofanyika bila kamati. Hata atomu. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa Mzee Kasongo, mwenye mitumbwi na nyavu za dagaa pale Katonga, mwenye mashamba, mwenye redio kubwa kuliko zote mtaani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kugawa viti. Harusi yoyote ya Bangwe, msiba wowote, yeye ndiye aliyekuwa akisema fulani akae meza kuu na fulani akae kule kwenye maturubai na masufuria, na watu walikaa. Basi Gervasi alipochora atomu ubaoni mbele ya kamati, duara la kati na miviringo yake ya nje, Mzee Kasongo aliitazama kidogo tu akaielewa yote, kwa jinsi yake.

"Hapa katikati," alisema, "wanakaa akina nani?"

"Protoni, Mzee. Na nyutroni."

"Na hawa wanaokimbia huku nje?"

"Elektroni."

"Mwenye uzito ni nani?"

Gervasi, bila kujua anachokifanya, akasema kwamba protoni moja ina uzito wa zaidi ya elektroni elfu moja na mia nane. Mzee Kasongo alitikisa kichwa kwa ridhaa, utadhani ametajiwa uzito wake mwenyewe.

Gervasi akatoa tochi, akamwaga betri mbili mezani, akajaribu kueleza kwamba betri ina pande mbili, wa kijichwa ni chanya na wa bapa ni hasi, na kwamba bila mmoja tochi haiwaki.

"Huu wa bapa ndio unakaa chini?" aliuliza Mzee.

"Kwenye tochi hii, ndiyo."

"Basi Amosi wangu awekwe juu."

Amosi alikuwa mwanawe, darasa la saba, mtoto mpole asiye na kosa lolote isipokuwa kutokuwa na hamu na jambo lolote. Kuanzia hapo ikawa mnada. Mama mmoja alisema wa kwake hawezi kukimbia kimbia nje juani ilhali baba yake ni karani bandarini. Mwingine akasema wa kwake ana pumu. Kila mzazi alitaka kiini. Hatimaye Mzee Kasongo akagonga meza na kutoa uamuzi wenye busara zake zote: protoni watakuwa watoto wa wenyeji, na elektroni watakuwa wale watoto wa ng'ambo, kwa sababu "wao wameshazoea kukimbia."

Watu wakacheka. Nakumbuka nani na nani walicheka, na wengine bado tunasalimiana. Waliobaki katikati ya mgawo huo, wale ambao mama ni Muha wa hapa na baba ni wa kule, kama binti mmoja anaitwa Elida, wakaambiwa ni nyutroni. Hawana upande.

Damu ilinipanda. Nikasimama.

"Mzee Kasongo, shikamoo. Naomba kuuliza. Babu yangu alivuka ziwa kutoka Kongo na kitanda chake kichwani. Baba yako alivuka naye, mtumbwi mmoja, tunajua wote humu. Siku ile walipotia mguu Ujiji walikuwa na chaji gani?"

Kicheko kilikatika. Mzee akamgeukia Mwalimu Mkuu na kusema kikao kinaweza kuendelea na ajenda ya pilau.

Mazoezi yakaanza. Protoni walishonewa fulana nyekundu na fundi wa Ujiji, zenye alama ya kujumlisha kifuani. Elektroni walipewa makaratasi ya mifuko ya saruji, alama ya kutoa imechorwa kwa makaa. Mtu asiniambie kwamba hilo lilitokea tu. Fulana zilipoonekana mtaani, wazazi waliokosa nafasi wakaja juu. Protoni sita wakawa wanane. Karani wa bandari akaleta na mtoto wa dada yake. Wakawa kumi, wakawa kumi na wawili.

Gervasi alienda ofisini akiwa amekunja mikono. Nilikuwepo.

"Mkuu, protoni wakiwa kumi na wawili si kaboni tena. Hiyo ni magnesi."

"Kaboni ndiyo nini hasa?"

"Ni kama makaa, Mkuu."

"Na magnesi?"

"Ni metali."

"Sasa wewe unataka tumwonyeshe mgeni makaa?"

"Lakini elektroni ni sita tu. Chaji hazilingani. Jumla yake inakuwa chanya sita."

"Chanya sita!" Mwalimu Mkuu aliinuka kumpa mkono. "Si ndiyo vizuri hivyo? Ungeniambia hasi sita ningeshtuka."

Kiwanjani mambo yakawa kama Kaneza alivyosema kwamba yangekuwa. Chanya kumi na mbili zilizobanwa mahali pamoja hazikuvumiliana hata nusu saa. Mtoto wa karani alimkanyaga mtoto wa mwenye mashine ya kusaga, wa mashine akamchania fulana mwenzake, wa tatu akasema babake atasema na babako. Elida na nyutroni wenzake wakawa kazi yao ni kukaa katikati na kupokea viwiko. Elektroni sita walizunguka kimya na mifuko yao ya saruji, na Kaneza alisimama na fimbo yake akieleza. Hicho ndicho kitu pekee kilichokwenda sawa. Mwalimu mgeni aliyepita barabarani siku moja alisimama akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza mtoto yule ni wa nani.

Swali hilo likamfikia Mzee Kasongo. Kesho yake Mwalimu Mkuu alitutangazia kwamba, kwa kuzingatia sauti, Amosi ndiye atakuwa mwelezaji. Kaneza amwandikie maneno ayakariri, halafu yeye avae saruji azunguke na wenzake.

Nilipiga meza. Nilisema hiyo ni dhuluma, kwamba ule ulikuwa mlango pekee wa yule mtoto, na wao wanaufunga kwa mguu. Gervasi aliangalia viatu vyake. Siku hiyo hiyo nilikwenda shambani kwa Révérienne, nikamkuta ameinama kwenye matuta ya mihogo, matuta ya Mzee Kasongo, bila shaka. Nilimwambia aje shuleni tudai haki ya mtoto.

"Oya, hapana, Mwalimu," alisema bila kuacha jembe. "Nakushukuru. Lakini mtu akituangalia sana ataanza kutuuliza tunakaa hapa kwa ruhusa gani. Mwache azunguke. Anayezunguka haulizwi kitu."

Kaneza hakulia. Aliandika maneno, akamkaririsha Amosi kila mchana chini ya dirisha la darasa. Nilimsikia akimwambia, "Sio hivyo, sema tena," kwa subira ambayo mimi sijawahi kuwa nayo na sitaki kuwa nayo. Aliniambia amejua la kufanya. Bwana Selestini huuliza maswali, kila mtu anasema hivyo. Amosi amekariri majibu lakini maswali hakukariri. Likija swali lisilo kwenye maneno, atanyamaza, na yeye Kaneza atakuwa pale pale, anazunguka. Atanyoosha mkono. Hakuna sheria inayomkataza elektroni kunyoosha mkono.

Nilimwambia anyooshe mikono yote miwili.

Siku moja kabla ya maonyesho gari likapita mitaani na kipaza sauti. Wakimbizi wote wanaoishi mitaani na vijijini waondoke, wahamie makambini, njia ya Kasulu, hakuna wa kubaki. Mazungumzo ya hilo yalikuwepo muda mrefu, ila mazungumzo ni mazungumzo na lori ni lori. Kufikia jioni nyumba kwa nyumba watu walikuwa wameitwa na kukusanywa uwanja wa mpira na mikeka yao na masufuria. Révérienne, Kaneza, wale watoto wengine sita, na baba yake Elida, ambaye alitolewa kitini akila. Kisha wakakaa pale usiku kucha na asubuhi yake, kwa sababu malori yalikuja lakini dizeli haikuja. Nchi yetu hata kumfukuza mtu humfukuza kwa foleni.

Asubuhi Mwalimu Mkuu alinikamata getini, jasho limemtoka.

"Mwalimu Melania, hatuna elektroni!"

Hakusema watoto wamechukuliwa. Alisema hatuna elektroni, kama mtu aliyeishiwa chaki.

Alijaribu kuwapata wengine. Aliwaomba wazazi wa protoni, tafadhali, sita tu, wanne tu, wawili, wavue nyekundu kwa nusu saa. Hakuna aliyekubali. Mzee Kasongo mwenyewe, ambaye mwanawe ndiye angesimama na atomu kilema mbele ya mgeni, aliwasihi, na yule karani akamuuliza kwa upole kwa nini asianze na mtoto wa mdogo wake mwenyewe, aliyerithi fulana ya Amosi. Basi Mkuu akamwendea Elida. Mama yake Elida alikuwa amekuja kumchukua mtoto arudi nyumbani. Alimkazia Mkuu jicho.

"Jana mmenichukulia mume kwa sababu ni wa ng'ambo. Leo mnataka na mtoto akimbie kimbie?" Akaondoka naye. Nyutroni zikapungua moja.

Bwana Selestini alifika, mtu mnene mwenye tabasamu la kazini, akakalishwa meza kuu chini ya turubai. Kwaya yangu iliimba vibaya, na niliiacha iimbe vibaya. Kisha atomu ikaingia: protoni kumi na wawili wekundu wakisukumana, nyutroni watano wa sare nyeupe, na kuwazunguka, hewa. Amosi akasimama na fimbo. Alikariri vizuri, namsifu. Maneno yote ya Kaneza yalitoka kinywani mwake moja baada ya jingine, hata pale alipokuwa akipumzika Kaneza, na yeye alipumzika.

Bwana Selestini akainama mbele.

"Vizuri, kijana. Protoni nawaona, nyutroni nawaona. Elektroni ziko wapi?"

"Elektroni ni nyepesi mno, hata uzito wake hauhesabiki katika uzito wa atomu," alisema Amosi. Maneno hayo yalikuwemo.

"Sawa, nyepesi. Lakini ziko wapi?"

Hilo halikuwemo. Amosi alimwangalia baba yake, akaniangalia mimi, na kwa kuwa ni mtoto asiyejua kusema uongo, akasema, "Wamechukuliwa jana, Mheshimiwa. Wako kwenye malori."

Halafu Bwana Selestini akaangua kicheko kikubwa cha furaha, akapiga meza.

"Safi kabisa! Mwalimu Mkuu, hiki ndicho tunachokipigia kelele kila siku. Kufundisha kwa mifano ya mazingira!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Mzee Kasongo alipiga makofi. Gervasi alipiga, polepole, akiangalia viatu. Bwana Selestini alisema hana haja ya kuendelea kutafuta, mtoto wake amempata, na Amosi akavishwa shada la maua ya karatasi.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Sikusubiri kupewa nafasi.

"Mheshimiwa, maneno yote uliyoyasikia yametungwa na msichana anaitwa Kaneza. Yuko uwanja wa mpira hapo tu, lori lake halijaondoka kwa kukosa dizeli. Una gari. Mfuate, muulize swali lolote. Kama hajakujibu, nifukuzeni kazi mimi."

Tabasamu la kazini lilififia kidogo. Aliangalia saa, akaangalia upande wa masufuria, ambako pilau lilikuwa limeshaanza kunukia, kisha akamgeukia Mwalimu Mkuu.

"Huyo ni mwanafunzi wenu?"

Miaka minne alikuwa mwanafunzi wetu. Mkuu alimwangalia Mzee Kasongo. Mzee Kasongo aliangalia turubai.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema Mwalimu Mkuu. "Alikuwa elektroni tu."

Niliondoka pale nikipita katikati ya protoni, na wakanipisha. Nilifika uwanjani mapipa ya dizeli yameshakuja, mtu anamimina kwa mpira. Kaneza alikuwa amekaa juu ya mkeka uliokunjwa, ndani ya lori la pili, magoti kidevuni. Aliponiona alisimama haraka.

"Mwalimu! Imekwendaje?"

"Wamepiga makofi."

"Elektroni wamekuwa akina nani?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?" Alikunja uso kwa namna yake ya darasani. "Hiyo sio atomu, Mwalimu. Hawajaona kwamba sio atomu?"

"Hawajaona."

Aliuliza kuhusu nafasi, nikamwambia ni ya Amosi. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na hayakuwa ya huzuni, yalikuwa ya hasira, namshukuru Mungu kwa hilo. "Atafeli," alisema. "Hajui hata kwa nini protoni hazisambaratiki. Nimemweleza mara nyingi, anasema ndiyo, ndiyo."

Révérienne alimvuta akae. Kisha Kaneza akauliza swali ambalo ndilo lililonimaliza. Aliuliza kule kambini wanasoma kwa lugha gani. Mama mmoja wa kwenye lori alijibu kabla yangu: shule za kambini ni za mtaala wa kwao, Kirundi na Kifaransa, na darasa la saba hakuna, wanaishia la sita. Kirundi Kaneza alikiongea na shangazi tu, hakuwahi kukisomea, na Kifaransa alikuwa na maneno machache, ya kuombea maji. Kiswahili chote alichokuwa nacho, kile fasaha nilichojivunia kila nilipomsahihishia insha, ni mimi niliyempa, na hakikumfaa huko zaidi ya mkeka.

Lori likaondoka. Nilipunga mkono mpaka vumbi likanijaa mdomoni.

Niliporudi shuleni walikuwa wanamalizia kula. Bwana Selestini alikuwa ameshakwenda zake. Amosi alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi ya darasa na shada lake, hali chakula. Mwalimu Mkuu alinijia na sahani aliyonihifadhia, paja la kuku juu, uso unang'aa, amesahau kabisa kwamba nilimwaibisha.

"Mwalimu Melania, mgeni amefurahi mno. Mwakani tunapiga hatua. Mwakani tunaonyesha molekuli. Atomu zetu zitashikana, mbili mbili, tatu tatu!"

Nilimuuliza kama Gervasi amemweleza atomu hushikana kwa kitu gani. Alisema hapana, kwa nini, kwa gundi?

"Kwa elektroni," nilimwambia.

Alicheka sana, akaniwekea sahani mkononi, akaenda kuwahimiza protoni wakusanye viti.